Njia ya Majivu

Hapa hapapiti gari.
Bango la mbao linasema hivyo, na kwa mara ya kwanza
katika nchi hii nimeliamini bango.

Tumeanzia Scarborough, nyuma ya supamaketi,
mimi na Doreen Storr, miaka sitini na nane,
mstaafu wa posta, magoti mawili, moja la chuma,
anayenisubiri kila kona
akijifanya anarekebisha gia.

Mimi nina hamsini na moja. Baiskeli nimejifunza mwezi wa nne,
kwenye maegesho ya hospitali, baada ya zamu ya usiku,
na sare yangu, na usingizi wangu,
nikizunguka kama nzi ndani ya chupa
huku wapishi wakinigongea sufuria dirishani.
Kwetu Kilosa wasichana hawakupanda.
Haikuwa sheria. Ilikuwa tu hivyo,
kama vile hakuna aliyekula maganda ya ndizi.

Changarawe huongea.
Kwenye lami tairi hunyamaza; hapa linasaga,
chrr, chrr, kama ungo wa mchele
mikononi mwa mtu mwenye mawazo.
Doreen anasema reli iling'olewa yeye akiwa na miaka minane,
na kwamba chini yake walitandaza majivu,
masizi ya makaa kutoka matumbo ya treni.
Ndiyo maana njia ni nyeusi, anasema,
tunapita juu ya moto uliokwisha.
Ama hakusema hivyo. Kiingereza chake ni cha pwani ya huku,
nusu naelewa, nusu najazia.

Baba alibeba mkaa.
Magunia matatu, baiskeli moja, kutoka msituni hadi mjini,
na sikumbuki hata siku moja kumwona amekaa kitini.
Aliisukuma. Mzigo ndio uliopanda.
Jioni akinawa, maji yaligeuka wino,
na kwenye mikunjo ya shingo palibaki mstari
ambao sabuni haikuufikia
hata siku walipomwosha kumzika.

Mwinuko wa treni una adabu.
Haukupigi kifuani; hukunyonya mapaja kidogo kidogo,
maili baada ya maili, chini ya miti iliyofunga paa,
ukungu unatoka baharini, unaingia, unatoka tena
kama mgeni aliyesahau alichofuata.
Kabla ya Ravenscar goti la chuma likagoma.
Doreen akashuka, akatukana kwa sauti ya kanisani.
Nikachukua baiskeli zote mbili,
moja kulia, moja kushoto, kiganja kwenye kiti,
na mwili wangu ukajua pa kuegemea,
pa kukunja mgongo, pa kupumua.
Sikufundishwa na mtu.
Tulikwenda hivyo nusu saa, bila neno.

Juu kuna mji ambao haukutokea.
Zamani walipima viwanja, wakachora mitaa,
wakachimba mitaro, wakaleta wanunuzi kwa treni.
Upepo ukawapokea. Wengi walikunywa chai, wakarudi.
Mitaa bado ipo, imenyooka katikati ya majani,
kondoo wanaishi namba tano na namba saba,
na wanatutazama kama wenye nyumba.
Tukala keki ya shayiri kutoka kopo la Doreen.
Ukungu ukafunguka, na ghuba ikawa pale chini yote,
mapaa mekundu yamebanana ukingoni, maji ya rangi ya bati.

Wewe tangulia, akasema. Mimi nakuja kwa miguu.
Nani? Mimi?
Hakuna gari, akasema. Nani atakugonga, kondoo?

Basi nikapanda. Nikakaa kitini.
Changarawe ikaacha kuongea, ikapiga kelele,
miiba, ua, kidaraja cha mawe, ng'ombe aliyeinua kichwa,
na mimi nilikuwa nafika chini
kabla sijakumbuka breki.

Doreen alifika baada ya saa nzima,
akaninunulia chipsi, akanigombeza kwa furaha.
Vifundo vyangu vya miguu vilikuwa vyeusi,
pete mbili, pale soksi zinapoishia.

Nimeoga mara nyingi tangu siku ile.
Soksi sijazifua.