Robo Mzunguko

Wiki saba nilimchamba mke wangu
kwa karatasi laini yenye maua ya waridi,
naye wiki saba alikitazama kigae kilichopasuka
karibu na dirisha, kana kwamba pale
pameandikwa jina la mtu aliyemkosea.

Mkono wake wa kulia umelala tangu Novemba.
Wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi hiyo.
Slavka, aliyekanda unga wa mikate thelathini
kwa sikukuu moja ya kanisa, Slavka huyo huyo
akawa wa kungojea, magoti yamebanana.
Nami nikasugua, nikasugua.
Kuchamba kwingi, mwajua huishia wapi.

Jirani wa ghorofa ya pili, Tahmina wa Sylhet,
aliniuliza ngazini bila kumung'unya maneno:
"Mzee Orest, mkono ukichafuka kwa tope
unaupangusa kwa gazeti, basi, umetakata?"
Sikuwa na jibu. Theluji iliniyeyukia mabegani
nikasimama pale kama ng'ombe aliyesahau zizi.

Duka la vifaa, dola arobaini na mbili:
mpira wa chuma wenye magamba ya nyoka,
kichwa kidogo cha kunyunyizia,
kifyatuzi cha kidole gumba,
kiungo cha shaba chenye midomo mitatu,
na maelezo katika lugha tisa, zote zikisema
usikaze kupita kiasi.

Miaka thelathini na nane nilikaza boli za mabehewa
kwenye karakana ya reli hapa Saskatoon.
Nani wa kunifundisha kukaza?

Nikapiga magoti, shavu kwenye tangi la choo,
sikio likisikiliza baridi ya kauri.
Vali ya ukutani haikuwa imezungushwa
tangu binti yetu aanze shule.
Nikaipaka mafuta. Nikaisihi. Nikaitukana
kwa lugha ya mama yangu, yenye tusi
la kila aina ya bomba.
Ikasogea robo mzunguko, ikalia, ikakubali.

Tepe nyeupe juu ya meno ya shaba,
mara tano, kufuata mwendo wa akrabu,
washa mahali pake,
kisha mkono, kisha spana, kisha —
hapana. Lugha tisa.
Nikaiweka spana chini.

Slavka alikuwa mlangoni na fimbo yake,
akiyatazama makalio ya mumewe yaliyoelekea dari.
Upande mmoja wa mdomo ulicheka.
Upande mmoja unatosha.

Nje, digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Mabomba ya Januari huleta maji
yaliyokuwa barafu asubuhi hiyo hiyo.
Hilo sikulifikiria.
Alipofyatua kwa mkono wa kushoto
jengo zima lilisikia.
Tahmina alishuka ngazi bila viatu.
Neno lenyewe siliandiki hapa. Lilikuwa neno zima,
lenye kichwa na mkia, la kwanza tangu Novemba,
na lilinihusu mimi.

Jumamosi nikarudi dukani: kiungo kingine,
mpira mrefu hadi chini ya sinki,
moto na baridi vipatane njiani.
Nikajaribu kwanza mwenyewe. Sitasema mengi,
ila mtu aweza kufika miaka sabini na tisa
akidhani yu msafi.

Leo asubuhi alipita kando yangu na fimbo, akaingia.
Nikamfuata kama kawaida, mikono tayari.
Akanigeukia. Akaweka kiganja cha kushoto kifuani pangu,
hakusukuma, aliweka tu.
Kisha mlango. Kisha komeo: robo mzunguko.

Nimekaa kwenye kiti cha ukumbini, koti mkononi,
sijui la kufanya na asubuhi nzima.
Nasikia mnyunyizo mfupi. Kimya. Mnyunyizo.
Chini ya kiungo, najua, kuna tone linaloanguka
kila baada ya dakika katika kikombe nilichotega.
Nitakikaza kesho.
Kidogo.