Gari Lako

Kaka yangu Ndahani hukujibu kabla hujauliza.
Nikimwambia zabibu zangu zimeingia ukungu
ananirudisha kwenye zabibu zake za Hombolo,
mwaka ule wanunuzi walipolala mlangoni kwake.
Kisima changu kimekauka?
Ana kirefu zaidi, kilichokauka zaidi.

Miaka nilishindana naye kwa sauti,
redio mbili chumba kimoja.

Siku hizi nangoja. Hata yeye humeza.
Kikombe kikipanda mdomoni
napitisha neno fupi,
mpini nikiuelekeza upande wake.

Juzi sikusema, "Mama haoni vizuri,"
maana angenionesha miwani yake mpya.
Nilisema, "Jumatano saa moja asubuhi.
Mama anataka kuingia Mvumi
akiwa ndani ya gari lako."

Akaweka kikombe chini.
"Langu?"
Jumatatu tayari alikuwa analiosha.

Basi tukaenda, vumbi jekundu nyuma yetu,
mabua ya mtama yamesimama matupu,
na Ndahani anaeleza injini
tangu Ihumwa, Kikombo, na bado.
Mama, kitambaa kwenye jicho,
akapapasa mpaka akapata goti langu.
"Na wewe, mwanangu, habari zako?"

Nikaanza.
Nikaanza na ukungu, nikaingia kisimani,
nikatoka na mguu unaoniuma usiku,
na mwenye duka aliyenikata bei,
na tulipofika geti la hospitali
nilikuwa bado sijamuuliza
kama jicho linauma.