Shule ya Tatu

Kadutu, shule ya kwanza: "Mvivu."
Ya pili, direkta hakuinua macho:
"Mama, lete minervali. Akili hatuuzi."

Daktari akaandika *disleksia* kwenye kikaratasi.
Neno lenyewe nililisoma mara nne.
Murhula akacheka:
"Kumbe nawe linakuchenga!"

Shule ya tatu iko Nguba, chini, karibu na ziwa.
Mwalimu Nabintu hakuuliza pointi.
Aliuliza mtoto anapenda nini.
Redio, nikasema.
Zilizokufa, akizifungua, huongea.

Sasa jioni nafinyanga herufi za bugali:
b tumbo mbele,
d tumbo nyuma.
Ya kwanza ameila na sombe.
Ya pili ameiweka dirishani ikauke.
"Hii," asema, "bado hatujaelewana."