Ngome ya Kilimani, Old Moshi

Tiketi elfu mbili. Langoni kuna daftari:
jina, utokako, saa ya kuingia.
Shangazi Aikaruwa akaandika: *mwenyeji*.

"Ukuta huu," kijana akatuonyesha, "walijenga Wajerumani."
Shangazi akavua kiatu,
akaupima unene kwa unyayo, nyayo nne na kisigino.
"Walikaa, mwanangu. Kujenga
alijenga babu Ndekirwa,
jiwe kwa jiwe toka mtoni,
kiboko kikimhesabia."

Kijana akakohoa. Akatupeleka dirishani:
migomba, mfereji, bati jipya la Kanisa,
na Kibo amejifunika wingu
kama shahidi asiyetaka kuitwa.

Tulipotoka, akachomeka jani la isale
kwenye ufa wa lango.
Sikumuuliza
kama ni mpaka
au ni msamaha.