Vipimo vya Matembezi

Muuguzi Sidi aliniandikia kwenye kikaratasi:
*Dakika thelathini. Tambarare. Bila haraka.*
Akalipigia mstari hilo la mwisho,
kana kwamba anajua miaka arobaini
mguu wangu umekimbia mahali pamoja,
juu ya kanyagio la cherehani,
chini, juu, chini, juu,
bila kufika hata Shela.

Basi alasiri hii nimefunga kibanda mapema.
Nimevaa raba alizoninunulia binti yangu Mwanapwani,
kijani cha kasuku,
watu wanasalimia miguu kabla ya uso.
Futi ya kupimia imo shingoni. Nimesahau kuivua.

Kwanza bustani ya mji:
mwarobaini, nyasi zilizokanyagwa zikachoka,
mabenchi ya saruji. Moja limevunjika mkono,
mawili yana wapenzi
wanaojifanya kusoma simu moja.
Naketi kwenye la nne.
Sidi hakusema niketi, wala hakukataza.
Nalipima: futi tano na nusu.
Linatosha watu wawili na aibu yao.

Kijana wa achari ananijia na ndoo.
Namwambia nina sukari.
"Na hii ina pilipili, mzee. Vitapigana hukohuko tumboni."
Nacheka, sinunui.
Shati lake la shule limefumuka kwapani,
mshono wa kiwandani, uzi mmoja,
kazi ya mtu anayelipwa kwa dazeni.

Nyumba ya Nguzo maisha yangu yote
nimeitumia kuelekeza wateja:
ukifika makumbusho, pinda.
Leo sipindi.
Dirishani binti ananiuliza,
"Mwananchi au mgeni?"
Swali linanikaa mdomoni kama pini.
Nimezaliwa nyuma ya soko,
kitovu changu kimezikwa karibu hivi,
na humu ndani sijawahi kutia guu.
"Mwananchi," nasema. "Lakini mara ya kwanza."
Ananikatia tiketi bila kucheka.
Namshukuru kwa hilo kuliko kwa tiketi.

Kwenye Msikiti wa Juma, nguzo ya kaburi
imesimama kama sindano
ambayo mtu aliichomeka, akaitwa, hakurudi.
Nasoma Fatiha.
Futi siigusi.
Waliolala hapa walipimwa mara moja, inatosha.

Kanisa dogo la Wareno lina paa la makuti
na kuta nyeupe za kuumiza macho.
Napima mlango, mkono wenyewe umeshaanza.
Bawabu Baya anasogea.
"Unafanyaje, mzee?"
"Nalishonea kanzu."
Anafikiri. Anaviringisha kofia yake.
"Basi acha nafasi mabegani.
Kila likipakwa chokaa linanenepa."

Nguzo ya Vasko da Gama naiona kutoka hapo,
nyeupe, na msalaba wake juu.
Goti linasema kesho.
Mtu alipita siku chache akaacha jiwe,
na watu wanapanda gari kwenda kulitazama.
Mimi nimeacha suruali. Hata hizo
hurudishwa zipunguzwe.

Kurudi, kijana bado yuko bustanini,
ndoo imeshuka nusu.
"Simama wima."
Anadhani namtania, kisha anasimama,
kidevu juu, kama anapigwa picha ya kitambulisho.
Mabega kumi na tatu.
Kifua ishirini na sita.
Mkono, kunja kidogo, kumi na saba.
"Jina?"
"Karisa. Ni pesa ngapi?"
"Achari moja. Ila usimwambie muuguzi."

Ijumaa, kliniki, Sidi ananyoosha mkono:
"Haya, nione umetembea vipi."
Nampa kikaratasi chake mwenyewe, nyuma nimejaza.
*Benchi, 5 na nusu. Mlango wa kanisa.
Mabega, 13. Kifua. Mkono.*
Anasoma, anarudia kusoma.
"Na dakika?"

Nageuza karatasi, natazama upande ule,
natazama upande huu.
Dakika sikuzipima.