Misumari Ishirini na Minne

Baba aliipima kwa uzi na chaki,
rimu ya baiskeli ya marehemu babu,
akapigilia misumari ishirini na minne,
nafasi sawasawa, hakuna uliopendelewa.
Ulimi aliukata kwenye dumu la mafuta ya kula.
Ukizungusha, unasema ta-ta-ta-ta,
halafu ta,
ta,
halafu unanyamaza kama hakimu.

Urambo, malipo ya tumbaku yametoka.
Mitumba imefika, wauza redio wamefika,
na sisi, nyuma ya godauni la chama cha msingi:
meza moja, turubai moja, mimi na daftari.
Baba ndiye mwenye mdomo:

    Mia tano si hasara,
    zungusha mara kwa mara,
    sufuria inang'ara,
    asocheza ni fukara!

Daftari langu halina mdomo.
Linasema: kila msumari ukipata zamu yake,
tumeshika elfu kumi na mbili.
Zinatoka: sufuria moja, elfu tatu na mia tano;
vitambaa viwili vya kichwa, mia nane mia nane;
pipi tano, hamsini hamsini.
Nafasi kumi na sita zilizobaki tumeziandika ASANTE
kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu mzuri.
Inabaki elfu sita, mia sita na hamsini.

Niliwahi kumwuliza kama tupinde msumari mmoja,
kuna wenzetu Kaliua hupinda.
Akacheka. "Mwizi huchoka," akasema.
"Hesabu haichoki."

Saa tano akaja Mhoja wa Usoke,
vidole bado vyeusi kwa utomvu wa majani.
Asante. Asante. Pipi. Asante.
Mara ya kumi na tatu akavua kofia.
"Sasa iko karibu," akawaambia watu,
"haiwezi kuninyima siku nzima."
Nilitaka kumwambia:
gurudumu halikujui, Mhoja.
Halikumbuki ulichokosa sasa hivi.
Kila ukilishika linazaliwa upya,
na wewe unabaki na msumari wako mmoja
kati ya ishirini na minne.
Lakini mshika kopo la hela ni mimi.

Mara ya kumi na tisa likamkubali.
Shangwe ikafika hadi kwenye mizani ya chama.
Akaivaa sufuria kichwani kama kofia ya askari,
na baba akapiga makofi kuliko wote,
maana nyuma ya Mhoja foleni ilichipua kama uyoga.
Nikaandika: elfu tisa na mia tano, sufuria moja.
Dukani kwa Seif, hatua arobaini toka pale,
zilikuwa zinauzwa elfu nne na mia tano.

Kulikuwa na mama mmoja, Nyanzala.
Hakucheza. Alikalia debe tangu asubuhi,
punje za mahindi kwenye pindo la kanga,
na kwa kila mzunguko akihamisha punje moja
toka fundo hili kwenda fundo lile.
Alasiri, baba amekwenda kunywa chai,
akaja akaweka elfu nne mezani.
"Sizungushi, mwanangu. Nipe ile."
Nikapiga hesabu haraka: faida mia tano,
bila kelele, bila kungoja.
Nikampa. Ilikuwa ya mwisho.

Baba aliitazama ndoano tupu,
kisha akanitazama mimi.
"Umeuza chambo," akasema.
Hakugomba. Ingekuwa afadhali.
Walikuja watatu, wakauliza iko wapi, wakaondoka.
Pipi zilikuwepo. Vitambaa vilikuwepo,
vya maua, vizuri tu.

Tulirudi kwa miguu kabla giza halijashika,
gurudumu mgongoni mwa baba kwa kamba ya katani.
Kila akiruka shimo lilijizungusha kidogo,
bure, bila mtu, bila mia tano,
ta, ta.
Nilikuwa nyuma yake na sikuweza kuacha kusoma:
Asante.
Asante.
Sufuria.
Asante.