Dirisha la Karani, Kayenze

Tangazo lile nililichapa mimi, sikatai.
Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu, akalisoma kwa sauti:
BILA KIINGEREZA, HAKUNA HUDUMA.
Nikaligonga mhuri, nikalibandika juu ya dirisha,
nikarudi kwenye rejesta.

Januari huwaleta watoto wa Kidato cha Kwanza
kutoka Sangabuye, Igombe, na ng'ambo, kisiwani Bezi.
Miaka saba wamehesabu kwa Kiswahili,
wameota kwa Kisukuma, wamegombana kwa Kikerewe;
sasa mlango wa mbao unawaambia
wavue ndimi, waziache nje pamoja na kandambili.

Watu hudhani karani ni mhuri na faili.
Ni kweli, ni mhuri na faili.
Tena ni funguo za stoo, ni hedhi iliyoanza kipindi cha Jiografia,
ni cheti cha kuzaliwa kilicholowa mtumbwini
nikakianika kati ya kurasa za leja.
Yote hayo huja dirishani.
Tangu tangazo libandikwe, yakawa yanakuja kimya.

Lushinge Masalu, namba themanini na saba.
Siku ya kwanza alifungua mdomo, akaufunga, akaenda zake.
Siku ya pili alisema, "Madamu."
Nikangoja. Nikasikia tumbo lake likinguruma. Neno la pili halikuja.
Siku ya tatu alinyoosha mkono juu, kana kwamba mimi ni darasa.
Nilikuwa nahesabu karatasi.
Nikamwonyesha tangazo kwa kidole.
Kidole hiki hiki.

Alhamisi ndipo Ng'wasi wa jikoni aliponiambia:
mama yake yuko Bugando, amepasuliwa,
na mtoto anataka ruhusa tu.
Ruhusa! Silabi tatu,
nazigonga mhuri mara ishirini kwa siku.
Kwa lugha ile zilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Usiku nilikifungua kisanduku cha bati,
nikakitazama cheti changu cha Kidato cha Nne.
Kiingereza: F.
Huyo ndiye aliyechapa tangazo.

Asubuhi Lushinge sikumngoja aseme.
Nilimwita kwa Kisukuma, nikamwandikia siku tatu,
nikafuta, nikaandika nne.
Halafu nikatoa mitihani ya mwaka juzi, nyuma iko nyeupe,
nikaikata kwa rula vipande vya ukubwa wa kiganja.
Upande huu: Mama anaumwa, naomba ruhusa.
Upande ule, yaleyale kwa Kiingereza
(nilimuuliza Mwalimu Bwire, nikajifanya ni ya mpwa wangu),
na chini yake, kwa herufi zetu, namna ya kutamka:
mai maza izi siki.
Nimepoteza kitambulisho. Naumwa tumbo.
Baba atakuja Jumatatu.
Sijaelewa, tafadhali rudia taratibu.
Hiki cha mwisho ndicho kilichochakaa upesi.

Nilivitoboa, nikavitunga kwenye uzi wa nyavu,
vikaning'inia chini ya tangazo.
Mkuu aliuliza nani anamaliza uzi na gundi.
"Karani," nikasema.
Akasoma kimoja, akakigeuza, midomo ikimchezacheza,
akakohoa, akaenda kwenye kikao cha kata.

Tangazo bado lipo. Wadudu wa ziwa wameligandia, wamelifia.
Sijalipangusa.

Lushinge alirudi Jumanne, hakugusa uzi.
Alishika kizingiti kwa mikono miwili.
"Madamu," akasema, "mai maza, shi izi kamu homu."
Kipande hicho sikuwahi kukiandika.
Bwire alikuwa kando akichukua chaki;
akasema ile "shi" imezidi, na lile "kamu" halijakaa sawa,
akanyoosha mkono amrekebishe.
Nikamwambia: mwalimu, ngoja kidogo.

Nikafungua daftari la ruhusa, safu ya maelezo,
nikaandika kama alivyosema,
na "shi" yake humo humo,
nikaweka tarehe.
Mhuri ulikuwa umekauka. Nikaupulizia pumzi.